SIKU TATU NYUMA YA MLIMA MERU

Ndugu msomaji, ukitoka Arusha mjini kwa basi la Moshi, ukaipita Tengeru na soko lake, ukaipita na Usa River, utafika mahali ambapo kondakta hugonga bati la gari kwa kiganja na kuita, "Maji ya Chai, washukao!" Mgeni aghalabu hucheka, akidhani kuwa ni jina la mgahawa. Sivyo. Ni jina la mto uteremkao kutoka Mlima Meru, na maji yake yana rangi ya hudhurungi, mfano wa chai ya rangi iliyokolea majani. Maji ya upande huo wa mlima yana floridi nyingi, na mtoto anayeyanywa tangu utotoni huota meno ya kahawia ambayo hakuna mswaki uwezao kuyang'arisha. Kwa meno hayo wenyeji wa huko hutambulikana popote waendapo. Mimi ni mmoja wao. Nimekaa Dar es Salaam miaka kumi na miwili sasa, nikicheka kwa kufumba midomo.

Nayataja meno yangu mapema ili ujue kwamba habari hii si ya mtalii aliyeshuka jana kutoka ndegeni. Ni habari ya mtu aliyerudi nyumbani kwa siku chache, akaenda mahali ambapo hakutaka kwenda, akakikuta huko kitu alichodhani kuwa amekwisha kukipoteza. Kitu chenyewe ni uwindaji.

Natambua kwamba neno hilo halipendezi masikioni mwa wengi, na sababu zipo. Nchi yetu imeteswa mno na majangili. Mwaka 1989 Serikali ililazimika kuendesha Operesheni Uhai, iliyowakusanya pamoja wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori, ili kuwanusuru tembo waliokuwa wakiteketea kwa ajili ya meno yao. Tangu hapo, mtu akisema mjini kwamba yeye ni mwindaji, wenzake humtazama kwa jicho la pembeni kana kwamba ameficha pembe chini ya kitanda. Lakini mwindaji na jangili ni watu wawili mbalimbali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyoshika nafasi yake, zote zimemruhusu mwananchi kuwinda kwa leseni, yenye kutaja mnyama gani, wangapi, wapi na katika siku zipi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hairuhusiwi kuwinda hata kwale. Nje ya hapo, katika maeneo yaliyotengwa, yaruhusiwa. Ila si usiku kwa kurunzi, si kwa kufukuza kwa gari, si kwa mtego wala sumu.

Katika ukoo wa mama yangu mambo hayo yalijulikana kama ijulikanavyo kalenda ya kupanda mahindi. Mjomba wangu, ambaye sasa amevuka miaka sabini, alinifundisha kusoma nyayo kabla sijaweza kusoma gazeti vizuri. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1973, baba yake aliitundika bunduki ukutani. Uwindaji ulipofunguliwa tena mwaka 1978, yeye ndiye aliyekwenda mjini kuulizia leseni, na tangu hapo ameomba karibu kila mwaka, akipata miaka mingine na kukosa mingine. Mimi nilifuatana naye tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu hadi ishirini na miwili. Kisha nikaacha. Niliacha ghafla, bila kutoa sababu, na kila Julai aliponiita nilijibu kwamba kazi ni nyingi.

Mwaka huu alipiga simu na kusema maneno machache tu: "Leseni imetoka. Swala granti dume mmoja. Njoo kabla magoti yangu hayajaniaga."

Nikaenda.

MAJI MEKUNDU

Njia ya kwenda nyuma ya mlima hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, nasi tuliipita alfajiri katika gari dogo la mizigo lililokuwa likienda kuchukua nyanya, bunduki ikiwa imefungwa katika mkoba wake na karatasi zote zikiwa mfukoni mwa Mjomba. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, ikaongezewa Mlima Meru na kuitwa Arusha mwaka 1967. Si kubwa, lakini nijuavyo mimi hakuna mahali pengine ambapo mfanyakazi wa mjini anaweza kuondoka nyumbani baada ya chai ya asubuhi na kuwaona twiga kabla chakula cha mchana hakijaiva. Katika uwanda wa majani uitwao Serengeti Ndogo tuliwakuta twiga, pundamilia na nyati, na mbega walikuwa juu ya miti wamejivika mablanketi yao meusi na meupe. Faru waliokuwa wakionekana humo zamani hawaonekani tena.

Tulipokaribia Momella, Mjomba aliamka usingizini. Mahali hapo pana historia ndefu ya bunduki. Mama mmoja wa Kijerumani, Margarete Trappe, aliyefika na mumewe mwaka 1907, alilima na kufuga hapo, akawa mwindaji wa sifa nchi nzima hadi alipofariki mwaka 1957. Kisha wakaja watu wa sinema. Filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962 na kuchezwa na John Wayne, ilipigwa sehemu yake kubwa hapo, na mwigizaji mwenzake, Hardy Krüger, alipapenda hata akanunua shamba. Mjomba alikuwa mtoto wakati huo. Anasema wakubwa walikwenda kutazama wazungu wakiwakimbiza wanyama kwa magari na kuwakamata kwa kamba mbele ya kamera.

"Ulikuwa uwindaji wa namna gani, Mjomba?" nilimwuliza.

"Walikuwa wakifukuza," akajibu. "Hawakuwa wakiwinda."

Akarudi usingizini.

Gari lilitushusha Ngarenanyuki. Jina hilo latokana na Kimaasai: engare ni maji, na maji yenyewe ni mekundu. Tazama basi, msomaji: upande mmoja wa mlima watu waliita mto wao kwa rangi ya chai, upande wa pili wakauita kwa rangi nyekundu, na mlima ni ule ule mmoja, wenye majivu ya volkano ambayo mara ya mwisho yaliruka mwaka 1910. Kwa upande huo Meru hauonekani kama ule uujuao kutoka Arusha mjini. Ubavu wake wa mashariki ulikwisha kuporomoka zamani za kale, na kutoka Ngarenanyuki unaona ndani ya mlima kama mtu atazamaye ndani ya chungu kilichopasuka.

Wazee wetu hawapiti hapo bila kusimama. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza hapo Wameru wapatao 3,000 ili ardhi igawanywe kuwa mashamba 13 ya mifugo ya walowezi. Nyumba zilichomwa moto, watu wakapelekwa King'ori. Wameru hawakunyamaza, walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York na kuyasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Babu yangu mzaa mama alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Mjomba huonyesha kwa fimbo mahali ambapo boma lao lilikuwa, na leo hapo pana mitaro ya maji na shamba la vitunguu la mtu mwingine kabisa. Alionyesha safari hii pia, akapandisha mkoba begani, nasi tukaelekea kaskazini.

Hapo tuliungana na askari wa wanyamapori aliyepangiwa kufuatana nasi, kijana mrefu wa maneno machache, mwenye viatu vilivyokatwa kutoka tairi la gari. Alimwamkia Mjomba, akaisoma leseni neno kwa neno pamoja na kuhesabu risasi, akairudisha. Mahali tulipokwenda sitapataja. Utaniwia radhi, hiyo ni desturi ya wawindaji tangu zamani, na si kwamba tuna la kuficha.

VUMBI

Mlima huizuia mvua, na kwa hiyo nchi ya nyuma yake ni kavu kama ngozi ya ngoma. Hakuna migomba, hakuna kahawa. Kuna migunga, kuna majani yaliyokauka rangi ya simba, na kuna vumbi laini la majivu linaloingia puani, machoni, katika mkate na katika saa ya mkono. Tulibeba maji lita kumi na tano kwa watu watatu kwa siku tatu. Nilipoyapima kwa macho pale Ngarenanyuki niliyaona mengi.

Siku ya kwanza hatukupata kitu. Tulitembea tangu saa tatu asubuhi hadi jua lilipozama, na viatu vyangu, ambavyo nilivinunua Kariakoo kwa kuamini maneno ya muuzaji, vilinichubua visigino vyote viwili kabla ya saa sita. Mjomba alichechemea kwa goti lake la kushoto. Kila alipopumzika alichota vumbi kwa vidole viwili na kulidondosha ili aone upepo waelekea wapi. Swala tuliwaona mara tatu, na mara zote tatu wao walikuwa wametuona kwanza.

Lakini nikaanza kukumbuka. Lazima nieleze jambo hili kwa urefu kidogo, maana ndilo lililonileta kuandika makala haya.

Mtu wa mjini akitazama ardhi huona ardhi. Mwindaji huona maandishi. Unyayo wa swala una ncha mbele kama jani lililokunjwa. Akitembea kwa utulivu kwato mbili hukaa pamoja, akikimbia hutanuka na kuchimba. Kingo za unyayo mpya ni kali. Upepo wa saa chache huzivunja punje moja moja. Usitembee juu ya njia ya mnyama, tembea ubavuni mwake, na uwe upande ambao nyayo zitakuwa kati yako na jua, kwa kuwa ni kivuli ndicho kinachozionyesha. Kwa sababu hiyo asubuhi na jioni hata mtoto aweza kusoma. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, kila kitu hulala bapa, na bingwa naye hutambaa. Hayo yote nilikuwa nimeyazika chini ya miaka kumi na minne ya foleni za daladala na mikutano ya chumba cha habari. Ilipofika saa kumi alasiri niliinama bila kufikiri, nikagusa kingo za unyayo kwa ncha ya kidole, nikasema, "Dume. Leo asubuhi. Hana haraka." Askari alinitazama. Mjomba hakunitazama, ila alipunguza mwendo ili nitangulie.

Usiku baridi ilikuwa kali. Tuliwasha moto mdogo, tukala ugali na dagaa, na upande wa mashariki Kilimanjaro ilionekana katika mwanga wa mwezi kama kitu kisichoshikwa na chochote kutoka chini. Wenzangu walilala. Mimi sikulala, kwa maana nilikuwa nikikumbuka pia ile sababu.

Mwaka ule wa mwisho Mjomba alimpiga pongo dume penye korongo, jioni, na hakumpiga vizuri. Mimi ndimi niliyekuwa macho yake katika kufuata. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu siku zote. Tulifuata damu muda mrefu. Nilikuwa na kiu, miiba imenirarua, na kesho yake nilikuwa na safari ya kurudi chuoni. Tulipofika penye mawe niliinama, nikaona tone moja la damu upande wa kushoto, mbichi. Nikainuka, nikasema, "Mjomba, imekwisha." Tukarudi. Asubuhi nilipokuwa kituo cha basi niliwaona tai wakizunguka juu ya korongo lile. Sikumwambia. Badala yake niliacha kuwinda, na watu wakidhani kwamba ni huruma ya wanyama, niliwaacha wadhani hivyo.

DAFTARI

Siku ya pili tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Jua lilipochomoza tulikwisha kuwa chini ya upepo wa kundi la swala granti kama ishirini, na pembeni yao dume mkubwa amesimama peke yake. Swala huyo ni mnyama wa nchi kavu hasa. Aweza kuishi siku nyingi bila kunywa maji, akitosheka na unyevu wa majani anayokula. Dume hufikia kilo sitini na zaidi, na pembe zake husimama kama kinubi. Tulitambaa. Sisemi kwa sitiari. Tulitambaa kwa tumbo katika vumbi na miiba, karibu nusu saa, mzee wa miaka sabini na zaidi akiwa mbele. Kisha akaegemeza bunduki katika tawi la mgunga, akavuta pumzi, akaitoa nusu.

Mlio ulipotoka nilimwona dume akijikunja mgongo, halafu akakimbia pamoja na wengine.

"Nyuma mno," akasema Mjomba kwa sauti ndogo. "Alipiga hatua." Uso wake ulikuwa umeingia rangi ya majivu.

Mwindaji asiyejua angekimbia kumfuata papo hapo. Hilo ni kosa. Mnyama aliyepigwa tumboni akifukuzwa huenda mbali sana. Akiachwa hulala chini, na jeraha humlegeza. Kwa hiyo tulikaa. Tulikaa saa nzima bila kuzungumza, na katika maisha yangu sijapata kukaa saa ndefu kama ile. Kama huupendi uwindaji, msomaji, hapo una hoja, nami sina jibu la kukupa. Mahali fulani mbele yetu kiumbe kilikuwa kikiumia kwa sababu yetu.

Kisha Mjomba akasema, "Haya, mwanangu."

Penye nyayo za kwanza palikuwa na damu nyeusi kidogo, iliyochanganyika na uchafu wa kijani wa majani. Damu ya mapafu ni nyekundu yenye povu, nayo haikupeleki mbali. Hii ilikuwa ya aina nyingine. Desturi ni kuweka alama kila unapoona damu, ili ukipotea urudi kwenye alama ya mwisho na kuanza upya. Zamani tulivunja vijiti. Safari hii nilitoa daftari langu la kazi, lile ambalo ninaandikia habari, nikachana ukurasa na kuuchomeka kwenye mwiba. Humo mlikuwa na maelezo ya mkutano mmoja mrefu kuhusu taka za mjini.

Hadi saa nne kazi ilikuwa nyepesi. Saa tano dume aliliacha kundi, jambo lifanywalo na mnyama mgonjwa, na hapo nyayo zake zikawa peke yake, rahisi kuzijua. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa ukiburuza ncha. Saa sita damu ikakoma. Mjomba alikuwa nyuma yetu mita mia mbili, kisha mia nne, akija kwa fimbo. Maji tuliyobeba mgongoni siku hiyo yalibaki lita moja na nusu. Kurasa kumi na mbili zilikuwa nyuma yetu kwenye miiba.

Ndipo tulipofika penye mwamba.

Ulikuwa uwanja wa mawe ya volkano, mweusi, mpana kama kiwanja cha mpira, na jua lilikuwa utosini. Niliinama nikatafuta. Nikapiga magoti nikatafuta. Askari alitafuta upande wake, akarudi, akapangusa jasho. "Ndugu," akaniambia kwa upole, "huyu ni wa fisi." Hakuwa mtu mbaya; alisema ambalo watu wengi wenye akili wangesema. Goti la Mjomba lilikuwa limevimba, maji yalikuwa yakiisha, na maneno yale ya zamani yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Yangetosha maneno mawili. Safari hii hata yangekuwa kweli.

Nilirudi kwenye ukurasa wa mwisho. Nikaanza kuuzunguka mwamba kwa nje, kwenye ukingo wake ambapo vumbi huanza, kwa maana mnyama aliyeingia lazima atoke. Nilizunguka nikiwa nimeinama kama mtu aokotaye kunde. Robo ya mzunguko, hakuna. Nusu, nyayo za punda na za mbuni. Nilipokuwa nimekwenda robo tatu nikaona kitu ambacho hakikuwa chini: katika kijiti kikavu, kwenye kimo cha tumbo la swala, palikuwa na mpako mweusi mdogo kama wino wa kalamu uliokauka. Niliugusa. Haukuwa umekauka wote.

Hapo sikufichi jambo, msomaji. Nilifurahi. Nilifurahi kama sijafurahi kwa miaka mingi, furaha iliyonipanda kutoka miguuni, na nilijua wakati uleule kwamba ni furaha juu ya damu ya kiumbe asiyenikosea. Nimejaribu tangu siku hiyo kuyatenganisha mambo hayo mawili na sijaweza. Tangu asubuhi sikuwa nimefikiri juu ya kodi ya nyumba, wala mhariri, wala simu yangu iliyokufa betri. Nilikuwa nimefikiri juu ya swala mmoja tu, nilimjua mwendo wake na uchovu wake, na nilitaka kumfikia ili mambo yake yaishe.

Nikachomeka ukurasa. Nikamwita askari kwa mkono.

Tulimwona saa nane kasoro, chini ya mgunga kwenye kijikorongo, amelala lakini kichwa kimesimama. Tulilala chini tukamngoja Mjomba. Alipofika alikuwa akihema kwa mdomo wazi. Hakuuliza kitu. Alijiegemeza begani mwangu, maana mti haukuwapo, nami nikaziba sikio. Risasi ya pili ilikuwa safi.

Tulikunywa maji kidogo, kila mtu kifuniko kimoja. Mjomba alitoa kisu, akaanza kuchuna, na mimi nikamshikia miguu ya mnyama kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Nikamwambia, "Mjomba, yule pongo wa korongoni, mwaka ule wa mwisho."

"Ehe."

"Damu ilikuwapo. Niliiona."

Kisu hakikusimama. "Jiwe la kushoto," akasema. "Nami niliiona."

"Mbona hukusema?"

Alipangusa ubao wa kisu kwenye nyasi, pande zote mbili. "Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Ukasema imekwisha, nikashukuru." Kisha akaniambia nishike vizuri mguu wa nyuma, maana ngozi itachanika.

Kutoka humo na nyama kilikuwa kisa kingine. Kilo kama arobaini za nyama, kichwa na ngozi, miguu mitatu mizima kwa watu watatu kama kukihesabu kile changu kimoja, goti moja la Mjomba na visigino vyangu viwili. Usiku wa pili tulilala karibu na boma la wafugaji, ambao walitupa maziwa na kutonywesha maneno mengi, nasi tukawapa paja. Siku ya tatu ilikuwa ya jua, vumbi na kimya, na lita moja ya maji ambayo askari alituficha kwa hekima yake hadi saa tano. Ngarenanyuki tulikunywa chai vikombe vitatu vitatu katika kibanda penye mizani ya nyanya. Askari aliandika katika leseni: dume mmoja, tarehe, mahali. Alipofika penye risasi aliuliza ngapi. Mjomba akasema mbili, kwa sauti ya mtu anayelipa deni.

Wewe usiye na mjomba wa namna hii na ungependa kuonja nyamapori, fahamu kwamba tangu mwaka 2020 kanuni za Serikali zimeruhusu mabucha maalumu ya kuuza nyama hiyo. Nunua kwenye bucha lenye kibali na udai stakabadhi. Inayoletwa mlangoni usiku ndani ya gunia, iache.

Sisi yetu iliiva Maji ya Chai, kwa ndizi, katika sufuria kubwa ya mke wa Mjomba. Maji aliyopikia aliyachuja kwanza kwa chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, dawa ya floridi ambayo wataalamu wa kituo cha Ngurdoto wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Wajukuu walikaa mkekani wakila. Meno yao, nilipoyatazama, yalikuwa meupe kuliko yangu. Walitaka kusimuliwa, na Mjomba akawasimulia habari ya mwamba, akiongeza mambo mawili matatu ambayo hayakutokea, na kila alipofika penye kurasa za daftari alininyoshea kidole cha mafuta.

Nilikwisha kurudi Dar es Salaam nilipozihesabu. Kurasa kumi na nane nilizichomoa miibani tuliporudi, kwa kuwa Mjomba hataki uchafu porini. Kumi na tisa ndizo nilizozichana. Mhariri wangu aliuliza maelezo ya mkutano ule wa taka yamekwenda wapi, nikamwambia mengine yamo, na moja limebaki kwenye mwiba nyuma ya Mlima Meru. Mjomba naye ameleta salamu juzi kupitia kwa binti yake: goti limepungua, atapeleka ombi la leseni mapema, na mimi Julai niende na daftari nene zaidi.